Muziki Mrefu Usio na Maneno: Uzi, Umeme na Sikio

Wageni wengi wafikao Mji Mkongwe wa Unguja huuliza habari za Farrokh Bulsara, aliyezaliwa kisiwani humo tarehe 5 Septemba 1946, akahamia Uingereza mwaka 1964, na hatimaye akajulikana ulimwenguni kwa jina la Freddie Mercury. Ni wachache waulizao habari za mwenzake katika bendi ya Queen, mpiga gitaa Brian May. Hata hivyo, kwa mwanafunzi wa fizikia huyu wa pili ndiye mwenye mengi ya kufundisha. Mwaka 1963, akiwa bado kijana wa shule, May alianza kutengeneza gitaa lake la umeme nyumbani akisaidiwa na baba yake. Shingo yake waliichonga kutoka katika ubao wa meko ya zamani, na baadhi ya springi zake zilitoka katika injini ya pikipiki. Mwaka 2007 alitunukiwa shahada ya udaktari wa fizikia ya anga katika Imperial College, London.

Katika sahani ya Queen iitwayo Live Killers ya mwaka 1979, wimbo wa Brighton Rock unachukua zaidi ya dakika 12, na sehemu kubwa ya muda huo ni gitaa peke yake. Mtindo huo una asili katika roki ya saikedeliki ya miaka ya 1960. Kundi la Pink Floyd, kwa mfano, lilitoa mwaka 1967 kipande cha Interstellar Overdrive, ambacho hukaribia dakika 10 bila neno hata moja kuimbwa. Anayesikia muziki wa namna hii kwa mara ya kwanza aghalabu huuita kelele.

Mzanzibari hana sababu ya kuushangaa muziki usio na maneno. Yasimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim mjini Kairo kujifunza kupiga ganuni. Kutokana na mkondo huo kilizaliwa mwaka 1905 chama cha Akhwani Safaa. Kwa desturi, onyesho la taarab hufunguliwa kwa bashrafu, yaani kipande cha ala tupu. Bashrafu huwa na sehemu kadhaa, na baada ya kila sehemu kiitikio kile kile hurudi. Mpiga udi naye huweza kupiga taksimu: huzunguka ndani ya makamu moja, akiikaribia sauti ya mwisho na kuikwepa, mpaka anapoamua kutua. Msikilizaji hufurahi kwa sababu ubongo wake unakisia kituo kiko wapi na unangoja. Mpiga gitaa la saikedeliki hufanya jambo lililo karibu sana na hilo, huku ngoma na gitaa la besi vikishikilia mzunguko usiobadilika chini yake.

Urefu wa muziki, lakini, hutegemea pia vyombo. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, upande mmoja wa sahani za siku hizo ulibeba dakika tatu au nne tu. Wimbo ambao barazani ungeweza kukesha na watu ilibidi ubanwe. Sahani ya muda mrefu, yenye kubeba dakika 20 na zaidi kila upande, ilitoka Marekani mwaka 1948. Bila hiyo roki ya saikedeliki isingeweza kurekodiwa ilivyo.

Kuna kikwazo kingine, nacho ni uzi wenyewe. Uzi wa udi ukipigwa kwa risha, nguvu yake hupita katika kibao chembamba na kutikisa hewa; ndiyo maana udi husikika barazani bila umeme. Lakini nguvu iliyokwenda hewani haimo tena katika uzi, na sauti hufa upesi. Gitaa la umeme lenye mwili wa mbao nzito huitoa hewani kidogo sana, na uzi huendelea kutetemeka kwa muda mrefu zaidi. Kwa masikio ya kawaida sauti yake ni dhaifu mno, ila chini ya nyuzi mna sumaku iliyozungushiwa maelfu ya mizunguko ya waya mwembamba wa shaba. Uzi wa chuma unapotikisika juu yake, uga wa sumaku hubadilika, na umeme huzaliwa katika waya kwa kanuni aliyoigundua Faraday mwaka 1831.

Umeme huo hupelekwa kwenye amplifaya. Ikiwa amplifaya imelazimishwa kupita uwezo wake, vilele vya mawimbi hukatwa. Wimbi laini la mitikisiko 110 kwa sekunde hugeuka kuwa na kingo, na ndani yake husikika pia sauti za 330, 550 na 770. Huo ndio ukwaruzo unaowachukiza wazee. Una faida moja: uzi unapoanza kuchoka, mawimbi bado yanakatwa pale pale, na ukubwa wa sauti haupungui upesi. Mpigaji akisogea karibu na spika, sauti ya spika huutikisa uzi upya, uzi huipa spika sauti zaidi, na mzunguko hauna mwisho. Kila aliyehudhuria mkutano ambapo kipaza sauti kilipiga ukelele mkali anaijua kanuni hiyo. Tofauti ni kwamba mpiga gitaa huutawala ukelele na kuufanya noti.

Brian May aliongeza mwangwi. Gitaa lilirekodiwa kwenye mkanda wa sumaku na kusomwa baada ya kitambo kidogo, hata akaweza kupiga pamoja na sauti yake mwenyewe ya nyuma. Ikiwa mkanda unakwenda sentimita 19 kwa sekunde, na kichwa cha kusomea kiko sentimita 9.5 kutoka kile cha kurekodi, mwangwi utachelewa nusu sekunde. Katika hewa ya Unguja yenye joto la 27°C, sauti husafiri mita 347 hivi kwa sekunde, kwa hiyo ukuta wa kutoa mwangwi huo ungehitaji kuwa umbali wa mita 87. Mwalimu anaweza kuwapeleka wanafunzi wapige makofi mbele ya ukuta mkubwa. Wakiwa umbali wa mita 17 au zaidi watasikia mwangwi ulio peke yake. Katika vichochoro vya Mji Mkongwe, ambako kuta za mawe ya matumbawe zimekaribiana, watasikia mvumo tu, kwa kuwa sauti hurudi kabla sikio halijaitenga na ile ya kwanza.

Ngome Kongwe, ambamo tamasha la Sauti za Busara limefanyika mara nyingi tangu 2004, nayo ina kuta pande zote. Uwandani, kuongeza umbali maradufu kutoka kwenye spika ndogo hupunguza desibeli 6. Ndani ya kuta punguzo huwa dogo zaidi. Hapo ndipo urefu wa muziki unapokuwa suala la afya. Ndani ya kila sikio mna chembe zenye vinywele zipatazo 15,000, na zikifa kwa binadamu hazioti tena. Kipimo kitumiwacho na wataalamu wa afya kazini huruhusu saa 8 kwa desibeli 85, na kila nyongeza ya desibeli 3 hukata muda kwa nusu: saa 4 kwa 88, saa 2 kwa 91, saa 1 kwa 94, nusu saa kwa 97. Kwa desibeli 100 zinabaki dakika 15, na Brighton Rock ya mwaka 1979 peke yake ingekula 12 kati ya hizo. Hesabu ni ile ile kwa spika za masikioni anazovaa mwanafunzi akiwa kitandani. Mlio mwembamba unaobaki masikioni baada ya muziki kuzimwa ni dalili kwamba chembe hizo zimechoshwa. Pamba ya kawaida haizuii sauti vya kutosha; vizibo vya sponji vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo huzuia zaidi, na gitaa huendelea kusikika.