Chekeche la Mota la Kutoa Mawe Bustanini: Namna ya Kulitengeneza Nyumbani

Familia inayohamia Maine, New Hampshire au Massachusetts na kupata kipande cha kulima huvuna mawe kabla ya mchicha. Unapiga jembe, linagonga. Unasogea hatua moja, linagonga tena. Wenyeji wa huko nao wamehangaika na jambo hilo kwa karne nyingi. Zile kuta ndefu za mawe zinazokatiza misituni ni mawe ambayo wakulima wa zamani waliyatoa mashambani na kuyapanga mipakani.

Aliyeyaleta mawe hayo ni barafu. Zaidi ya miaka 10,000 iliyopita eneo lote lilifunikwa na barafu nene iliyokwangua miamba. Ilipoyeyuka ikaacha mchanganyiko wa udongo, changarawe na mawe ya kila ukubwa. Kila msimu wa baridi mengine hupanda juu, kwa sababu jiwe hupitisha baridi upesi kuliko udongo. Maji yaliyo chini yake huganda, hutanuka na kulisukuma. Barafu ikiyeyuka, udongo laini huingia kwenye nafasi ile, na jiwe halirudi tena. Kwa hiyo ukiyatoa mwaka huu, mwakani utakuta wageni wengine.

Je, ni lazima kuchekecha? Kwa mahindi, maboga na maharage, hapana. Toa mawe makubwa kwa mkono na upande. Lakini karoti ikikutana na jiwe hugawanyika miguu, viazi hupinda, na mbegu ndogo ya mchicha hupotea chini ya kokoto. Msimu wa kulima huko ni mfupi, na mbegu iliyopotea huenda usipate muda wa kuirudia.

Pima kazi kwanza

Tuta la mita 1.2 kwa mita 2.4, lenye kina cha sentimita 30, lina udongo wa karibu mita za ujazo 0.86. Hayo ni matoroli 10 ya lita 85, na uzito wake unapita tani moja. Kwa tuta moja, wavu wa mkono unatosha. Kwa matuta matano au sita, migongo ya baba na mama itadai haki yake, na hapo mota inaanza kuleta maana.

Wengi wetu tunaujua wavu wa mafundi ujenzi nyumbani: unaegemezwa kwenye mti, fundi anarusha mchanga kwa beleshi, laini unapita, kokoto zinateremka mbele. Anzeni na huo. Hatua inayofuata ni kuuning'iniza wavu kwa minyororo minne na kuusukuma kama bembea. Watoto wataupenda, na hauhitaji umeme.

Kabla ya kuchimba

Mambo matatu yatangulie. La kwanza ni ruhusa: ukiwa mpangaji, au ukilima kwenye bustani ya jumuiya, uliza kama unaweza kuchimba kwa kina na kutumia mashine yenye kelele. La pili, kwa walio Marekani, ni kupiga simu 811 siku chache kabla ya kuchimba. Huduma hiyo ni ya bure. Watakuja kuweka alama mahali mabomba ya gesi na nyaya za umeme zilipopita.

La tatu ndilo zito zaidi kwa wenye watoto. Marekani ilipiga marufuku rangi za nyumba zenye risasi mwaka 1978. Ukutani mwa nyumba zilizojengwa kabla ya hapo, rangi hiyo huweza kuwa imebanduka kwa miaka mingi na kuingia udongoni. Kuchekecha hutimua vumbi, na risasi hudhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Pima udongo kabla ya kuanza. Maabara za udongo za University of Massachusetts Amherst na University of Maine hupokea sampuli kutoka kwa wakazi. Majibu yakionyesha risasi nyingi, acha kuchekecha. Jenga tuta la mbao juu ya ardhi na ulijaze udongo safi ulionunuliwa.

Jinsi mashine inavyofanya kazi

Tikisa ndoo ya mahindi yaliyochanganyika na chenga: chenga hupenya katikati ya punje na kushuka, punje hubaki juu. Chekeche la mota hufanya hivyo hivyo. Mtetemo hushusha udongo laini hadi kwenye wavu, unapita kwenye matundu, na mawe yanaendelea kuteremka hadi mwisho.

Mtetemo unatokana na uzito uliofungwa upande mmoja wa shafti. Shafti ikizunguka, uzito ule huvuta fremu huku na huku. Ni sawa na mashine ya kufulia inayorukaruka nguo zikijikusanya upande mmoja, ila hapa kasoro ile tumeifanya kazi.

Wanafunzi, hesabu yake ni hii: nguvu ni uzito, mara umbali wake kutoka katikati ya shafti, mara mraba wa kasi ya mzunguko. Chukua kilo 1, umbali wa sentimita 3 na mizunguko 1,725 kwa dakika. Utapata karibu nyutoni 980, sawa na uzito wa kitu cha kilo 100. Fremu na udongo wake vikiwa kilo 30, vitatikiswa kwa mchapuko unaozidi mara tatu ule wa mvutano wa dunia. Kasi ikipungua nusu, nguvu hushuka hadi robo.

Walio Uingereza au Oman wasome hapa vizuri. Umeme wa huko ni wa hezi 50, wa Marekani ni hezi 60. Mota ya aina ileile iliyotengenezwa kwa umeme wa huko huzunguka kama mara 1,425 kwa dakika, na nguvu hupungua kwa karibu theluthi moja. Unaweza kufidia kwa kuongeza uzito.

Vifaa na kuunganisha

Fremu ya juu iwe ya chuma cha pembe, sentimita 60 kwa 120, imara lakini nyepesi. Kila kilo unayoongeza inapunguza mtetemo. Funga juu yake wavu mgumu wa chuma wenye matundu ya milimita 13, na chini yake weka nondo nyembamba mbili za kuushikilia usibonyee. Waya wa kuku haufai, hukatika mapema.

Fremu ya chini ya mbao za mbili kwa nne inatosha. Kichwa kiwe juu kuliko miguu kwa sentimita 35 hivi ili mawe yateremke. Kati ya fremu mbili weka springi nne, moja kila pembe. Ukipakia udongo, zishuke sentimita 2 au 3 bila kubana kabisa.

Shafti ikae kwenye beringi mbili, juu ya daraja la chuma lililofungwa katikati ya fremu ya juu, ili mawe yapite chini yake. Uzito ufungwe kwa bolti inayopenya shafti, na nati za kujifunga zisizolegea kwa mtetemo. Mota ya nusu nguvu farasi, yaani wati 370 hivi, ikae kwenye fremu ya chini na kuzungusha shafti kwa mkanda na puli mbili zinazolingana. Usiifunge juu ya wavu. Mtetemo utamaliza beringi zake.

Mota za mashine kuukuu za kufulia zenye mkanda hufaa, lakini soma kibao chake: volti, hezi na mizunguko. Kapasita yake huweza kubaki na umeme hata plagi ikishachomolewa, kwa hiyo kazi ya nyaya mwachie fundi umeme.

Usalama

Kilo moja ya chuma inayozunguka hivyo ikichomoka inaweza kumjeruhi mtu vibaya. Funika uzito, mkanda na puli kwa bati nene kabla ya kuwasha kwa mara ya kwanza. Anza na nusu kilo, sikiliza, kaza bolti zote, ndipo uongeze. Tumia soketi ya nje inayojikata yenyewe umeme unapovuja, na swichi iwe karibu na mkono. Vaa barakoa ya vumbi, miwani na viziba masikio. Watoto wakae mbali mashine ikiwaka. Kazi yao ni kupanga mawe baada ya kuzima. Kitu kikikwama, chomoa plagi kwanza.

Wakati wa kuwasha na kuzima fremu itarukaruka kidogo. Inapita kwenye mwendo unaolingana na wa springi zake, kisha hutulia.

Siku ya kazi

Finyanga udongo kiganjani. Ukiguswa ukavunjika, uko tayari. Ukibaki donge, subiri ukauke, la sivyo matundu yataziba. Mwaga beleshi mojamoja kwenye kichwa cha wavu, usimwage toroli zima. Mawe ya kuzidi ngumi yatoe kwanza kwa mkono.

Usitafute udongo laini kama unga. Changarawe ndogo husaidia maji kupita, na udongo uliochekechwa hushikamana upesi mvua ikinyesha. Changanya mboji kwa wingi, na usiukanyage tena.

Mawe nayo yana kazi: njia kati ya matuta, kingo za bustani, au sakafu ya chini ya pipa la maji. Masalia ya barafu ya kale yatakuwa yanazunguka mchicha na karoti zenu, na majirani ambao mababu zao walijenga kuta zile watajua mara moja mlichofanya.