Jinsi Tumbo la Ng'ombe Linyonyavyo Chumvi

Mtu akichinja ng'ombe na kulipasua lile tumbo kubwa la majani, kisha akaliosha, ataona ndani yake vinyama vidogo vingi visimamavyo kama nyuzi za taulo. Wengi hudhani kwamba tumbo hilo ni ghala tu la kuwekea majani mpaka mnyama apate nafasi ya kucheua. Sivyo. Vinyama hivyo hunyonya, na miongoni mwa vitu vinyonywavyo ni chumvi za namna nyingi.

Yafaa ijulikane kwamba ng'ombe mkubwa hutoa mate yapatayo lita 100 au zaidi kwa siku, nayo yana sodiamu nyingi, yaani kiini cha chumvi tulayo. Kama ingalipotea yote, mnyama asingaliishi. Lakini ukuta wa tumbo huivuta na kuirudisha katika damu, hata kama katika damu imo nyingi kuliko tumboni. Kazi hiyo hutaka nguvu, kama kuteka maji kisimani. Kisha sodiamu ile ile huingia tena katika mate.

Basi majani mengi yana sodiamu kidogo na potasiamu tele, hasa majani machanga. Ng'ombe akikosa chumvi siku nyingi, mate yake hutoka na potasiamu badala ya sodiamu. Hapo ndipo penye hatari, kwani potasiamu ikizidi tumboni huzuia magnesiamu isipite ukutani, na ng'ombe mzima hunyonya magnesiamu hasa kwa tumbo hilo. Ikipungua katika damu, mnyama hutetemeka, hupepesuka, huanguka akipiga miguu, na pengine hufa kwa muda wa saa chache. Mwenyewe husema amelishwa sumu, au amerogwa! Huko Uholanzi, mwaka 1930, mtaalamu Sjollema alionyesha kwamba damu ya ng'ombe wenye ugonjwa huo ilipungukiwa na magnesiamu. Huonekana zaidi katika nchi za baridi, kwa ng'ombe wa maziwa walishwao majani mabichi. Bwana mifugo aweza kuwaponya kwa sindano, ila aitwe upesi.

Wafugaji wa Kenya na Tanzania tangu zamani hupeleka ng'ombe penye magadi, nao hawakukosea. Lakini magadi ya kaskazini mwa Tanzania mara nyingi yana floridi nyingi, iharibuyo meno na mifupa. Awezaye kununua jiwe la chumvi na anunue, aliweke mahali pasiponyeshewa mvua, na maji yawe karibu, kwa maana ng'ombe alambaye chumvi nyingi asipate maji hudhurika.