Mwaka wa Saba na wa Nane: Wanachosoma Wanafunzi wa Vuhovi

Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mtoto anayemaliza miaka 6 ya shule ya msingi na kufaulu mtihani wa taifa uitwao ENAFEP hachagui mchepuo papo hapo. Kwanza hupitia miaka 2 ambayo wanafunzi wote wa nchi husoma masomo yaleyale: mwaka wa saba na mwaka wa nane. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 iliiunganisha miaka hiyo na ile 6 ya mwanzo, na tangu hapo elimu ya msingi inahesabiwa kuwa ya miaka 8. Hata hivyo masomo yenyewe hutolewa katika shule za sekondari. Mtoto aliyezoea kukaa na mwalimu mmoja kutwa nzima sasa hufundishwa na mwalimu tofauti kwa kila somo, na mkuu wa shule huitwa prefe badala ya direkta.

Vuhovi ni makao makuu ya sheferi (eneo la utawala wa chifu) ya Bashu, katika wilaya ya Beni, milimani karibu na mji wa Butembo. Wakazi wake wengi ni Wanande, watu wa jembe, wanaolima maharage, mahindi, mihogo, ndizi, viazi na kahawa. Shule za eneo hilo ziko chini ya mkoa wa elimu wa Kivu Kaskazini 2, wenye ofisi zake Butembo. Nyingi kati yake ni shule za serikali zinazosimamiwa na madhehebu ya dini, Wakatoliki na Waprotestanti wakiwa mbele, kwa mujibu wa makubaliano yaliyotiwa saini kati ya dola na makanisa mwaka 1977.

Mwaka wa shule hufunguliwa Jumatatu ya kwanza ya Septemba na kufungwa mwanzoni mwa Julai. Umegawanyika katika mihula 2, na kila muhula una vipindi 2 vya kazi za kila siku na mitihani mwishoni. Kipindi cha kwanza huangukia msimu wa mvua, maharage yakiwa bado shambani. Jambo hilo lina uzito wake, kwa sababu mtaala unaotumika sasa unamtaka mwalimu aanzie kila somo katika hali halisi ya maisha, na hali halisi ya mtoto wa Vuhovi ni mlima, mvua, shamba na soko.

Mtaala huo unatumika katika mwaka wa saba na wa nane. Sehemu yake ya sayansi ilitokana na mradi wa serikali uliogharimiwa na Benki ya Dunia, na mwanafizikia Raïssa Malu, aliyekuja kuwa waziri wa elimu mwaka 2024, alishiriki kwa karibu kuiandaa. Zamani mwalimu alitoa kanuni, mwanafunzi akaikariri, kisha akapewa mazoezi. Sasa mwalimu huleta kwanza tatizo, darasa hulichunguza, na kanuni huja kama chombo cha kulitatua. Masomo yenyewe yamepangwa katika nyanja 5: sayansi, lugha, jamii na mazingira, sanaa, na maendeleo ya mtu binafsi.

Uwanja wa sayansi ndio mpana kuliko yote, nao huanza na hisabati yenye matawi 4: hesabu, aljebra, jiometri na takwimu. Katika hesabu, mwanafunzi hujifunza kugawanyika kwa namba, namba tasa, kigawo kikubwa cha shirika, kigawe kidogo cha shirika, sehemu, uwiano na asilimia. Mfano wa kijijini unatosha kuonyesha kazi ya mambo hayo. Shule ina miche 48 ya kahawa na miche 36 ya miti ya kivuli, na wanafunzi wanatakiwa kugawanywa katika makundi mengi iwezekanavyo, kila kundi lipate idadi sawa ya kila aina bila mche kubaki. Kigawo kikubwa cha shirika cha 48 na 36 ni 12. Makundi yatakuwa 12, na kila moja litapanda miche 4 ya kahawa na 3 ya kivuli. Asilimia na uwiano navyo havina haja ya kutafutiwa mifano mbali, kwani katika masoko ya Butembo bei hutajwa kwa dola na kwa faranga za Kongo, na mtoto anayemsaidia mamaye kuuza maharage hubadilisha fedha kichwani kila siku.

Aljebra humwingiza mwanafunzi katika namba chanya na hasi, kisha katika herufi zinazosimama mahali pa namba isiyojulikana, hadi kufikia milinganyo ya kwanza. Jiometri hushughulika na nukta, mistari, pembe, pembetatu na pande nne, pamoja na matumizi ya rula, bikari na kipimapembe. Takwimu humfundisha kukusanya data, kuzipanga katika jedwali, kuzichorea grafu na kutafuta wastani.

Sehemu ya pili ya uwanja wa sayansi ni sayansi ya uhai na ya dunia, inayojulikana kwa kifupi chake cha Kifaransa, SVT. Ndani yake mna botania, zuolojia na anatomia. Hapa mvua za Septemba humletea mwalimu vifaa bila gharama. Somo la kuota kwa mbegu linahitaji tu chupa zilizokatwa, pamba au udongo mwepesi, maji, punje za maharage na punje za mahindi. Punje ya harage iliyolowekwa usiku kucha huvimba. Ganda lake likivuliwa, hugawanyika vipande 2 vinene, na katikati hulala mche mdogo wenye mzizi na vijani. Vipande hivyo ndivyo kotiledoni, akiba ya chakula cha mche. Baada ya siku chache mzizi hutoka kwanza na kuelekea chini, kisha shina hujikunja, hunyanyuka na kuzibeba kotiledoni zote mbili hadi juu ya udongo. Mahindi hayafanyi hivyo: kotiledoni yake ni moja tu, nayo hubaki chini. Mimea ikikua zaidi, tofauti huonekana kwa macho. Harage lina mzizi mkuu mmoja wenye matawi, na mishipa ya jani lake imesukana kama wavu, ilhali mahindi yana mizizi mingi myembamba na mishipa iliyolala sambamba.

Jaribio hilohilo huhudumia somo la takwimu. Siku ya 14 wanafunzi hupima miche 5 na kupata, tuseme, sentimita 11, 13, 12, 9 na 15. Jumla ni 60, na wastani ni sentimita 12. Kisha huja swali lenye thamani kuliko hesabu yenyewe: kwa nini mche wa sentimita 9 umebaki nyuma? Je, ulikosa mwanga, maji au nafasi? Chupa moja ikiwekwa gizani na nyingine dirishani, swali hupata jibu lililoshuhudiwa na darasa zima.

Zuolojia huwapanga wanyama kwa maumbile yao, wenye uti wa mgongo na wasio nao, na kuwagawa wa kwanza katika samaki, amfibia, reptilia, ndege na mamalia. Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925 na kuwekwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1979, imepakana na ardhi ya Bashu na ina mifano ya makundi yote hayo, kuanzia samaki wa ziwa Edward hadi viboko na tembo. Anatomia hueleza mifupa, misuli, umeng'enyaji wa chakula, upumuaji na mzunguko wa damu. Usafi wa mwili na kinga ya magonjwa vina nafasi ya pekee Vuhovi, kwa sababu eneo hilo liliguswa na mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kutangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, baada ya kuua watu 2,287. Mtoto anayejua kuwa kirusi hupita katika majimaji ya mwili wa mgonjwa au wa maiti huelewa sababu ya kunawa mikono na ya mazishi ya tahadhari, na anaweza kuwaeleza wa nyumbani kwake bila kuwatisha.

Sehemu ya tatu ni sayansi za fizikia, teknolojia na habari na mawasiliano. Mwanafunzi hujifunza kupima urefu, tungamo, ujazo na joto. Hujifunza pia hali 3 za maada, umeme sahili wa betri, waya na balbu, na mashine rahisi kama wenzo, kapi na mteremko. Chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu 2 kinachobeba mizigo katika barabara za Kivu Kaskazini, ni kitabu kamili cha somo hili. Magurudumu hupunguza msuguano, mteremko husukuma mzigo, na breki ya kipande cha mpira huurudisha msuguano pale unapohitajika. Somo la kompyuta ndilo lililo gumu zaidi kufundisha vijijini. Pasipo umeme wala mashine, mwalimu huchora kibodi na kioo ubaoni, na wanafunzi hutaja kazi ya kila sehemu bila kuigusa.

Katika uwanja wa lugha, mtoto wa Vuhovi hufanya kazi kubwa isiyoonekana kwenye kitabu cha maksi. Nyumbani huzungumza Kinande, sokoni na mjini Kiswahili, ambacho ni moja ya lugha 4 za taifa pamoja na Lingala, Kikongo na Tshiluba, na darasani husoma masomo yote kwa Kifaransa. Katika mwaka wa saba Kiingereza huanza kama somo jipya. Saa nyingi za Kifaransa hutumika kusoma na kuelewa, imla, sarufi, minyambuliko ya vitenzi na utungaji. Mwalimu anayeona macho ya darasa yamepotea hueleza jambo kwa Kiswahili au Kinande, kisha hurudi kwenye Kifaransa, na mara nyingi hapo ndipo somo linapoingia.

Uwanja wa jamii na mazingira una jiografia, historia, uraia na maadili, elimu ya maisha, na dini. Jiografia ina maabara yake nje ya mlango. Mstari wa Ikweta unapita kati ya Butembo na Lubero, kwa hiyo mwanafunzi anaweza kuvuka kutoka nusu moja ya dunia hadi nyingine kwa safari fupi. Joto hushuka kwa takriban nyuzi 6 kila mtu anapopanda mita 1,000. Ndiyo sababu kakao hustawi katika nchi tambarare ya Beni, na kahawa ya arabika katika miinuko ya Bashu, ingawa Beni na Butembo zimetenganishwa na kilomita 54 tu za barabara. Milima ya eneo hili pia hugawa maji: yale ya mashariki huingia mto Semuliki na kwenda Naili, yale ya magharibi hufuata njia ya mto Kongo. Mvua kubwa inapochukua udongo wa juu, somo la mmomonyoko huambatana na dawa yake: mitaro inayokata mteremko na nyasi ndefu zilizopandwa kwenye kingo zake.

Historia humpa mtoto mfululizo wa nchi yake, tangu jamii za kale hadi Dola Huru la Leopold II la mwaka 1885, ukoloni wa Ubelgiji kuanzia 1908 na uhuru wa tarehe 30 Juni 1960. Uraia hueleza Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, mikoa 26, haki na wajibu. Elimu ya maisha huzungumzia balehe, ukimwi na hatari ya mimba za mapema, mambo ambayo wazazi wengi huona haya kuyataja. Michoro, muziki na mazoezi ya viungo hukamilisha ratiba.

Maksi hutolewa kwa mpango ulio wazi. Somo lenye alama 10 kwa kipindi lina alama 20 za mtihani, hivyo muhula mmoja hufikisha alama 40 na mwaka mzima alama 80. Buletini, yaani ripoti ya maksi, huonyesha pia nafasi ya mwanafunzi darasani, bidii yake na mwenendo wake. Mzazi anayeisoma vizuri haishii kwenye asilimia iliyoandikwa chini kabisa ya ukurasa. Hulinganisha kipindi na kipindi ili aone somo gani linapanda na lipi linashuka, maadamu bado kuna muda wa kusaidia.

Vikwazo ni vya kweli. Elimu ya bure iliyoanza Septemba 2019 inahusu shule ya msingi ya miaka 6, na kuanzia mwaka wa saba familia hutoa karo. Mavuno yakiharibika au bei ya kahawa ikishuka, daftari hufungwa, na mara nyingi la msichana hufungwa kwanza. Mauaji ya raia yaliyoanza wilayani Beni mnamo Oktoba 2014 yamezifukuza familia nyingi vijijini mwao, na shule za sehemu tulivu hupokea watoto wa wakimbizi katika madarasa yaliyokwisha kujaa. Kumpokea mtoto huyo, kumpa daftari na kumtafutia kiti ni sehemu ya elimu yenyewe.

Mwishoni mwa mwaka wa nane huja TENASOSP, mtihani wa taifa wa kuchagua na kuelekeza. Matokeo yake, pamoja na alama za miaka 2, humsaidia mwanafunzi, wazazi na walimu kuchagua njia: sayansi, Kilatini na falsafa, ualimu, biashara na uongozi, au ufundi kama kilimo, mifugo, umeme na ujenzi. Wapo pia wanaoingia mafunzo mafupi ya kazi za mikono. Michepuo ya muda mrefu huchukua miaka 4 na humalizika kwa Mtihani wa Serikali, unaofanyika tangu 1967. Anayefaulu hupata diploma ya serikali, inayomruhusu kuendelea na chuo kikuu, kikiwemo Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, kilichoanzishwa Butembo mwaka 1989.