Mali Kauli Darasani: Istilahi za Menejimenti na Masoko katika Shahada ya Kwanza

Mwanafunzi wa Tanzania anayesomea shahada ya kwanza ya menejimenti na masoko hukutana na neno "masoko" katika maana mbili kabla hajamaliza wiki ya kwanza. Neno hilo ni wingi wa soko, mahali ambapo watu huuziana vitu, kama lile la Kariakoo. Papo hapo ni jina la taaluma anayoisomea, ndiyo maana yupo afisa masoko ambaye huenda asikanyage sokoni mwaka mzima. Makala hii inafafanua namna istilahi za fani hizi zinavyomfikia mwanafunzi huyo, na inajadili dhana moja ya wafanyabiashara wetu, yaani mali kauli, ambayo kwa maoni ya mwandishi inastahili nafasi katika mihadhara.

Tuanze na menejimenti. Kiswahili kina maneno manne yanayogombea uwanja mmoja: uongozi, utawala, usimamizi na menejimenti. Mwalimu anapotaka kumtofautisha anayeonyesha njia na anayehakikisha kuwa kazi inakwenda kama ilivyopangwa, neno "uongozi" halimsaidii, kwani katika mazungumzo ya kawaida "uongozi wa kiwanda" ni mameneja wenyewe. "Usimamizi" nao humkumbusha msikilizaji msimamizi wa mtihani au wa mirathi: mtu wa kuangalia, si wa kupanga. Ndipo "menejimenti" ikashika, hata katika majina ya ofisi za Serikali. Tatizo hili si letu peke yetu. Kitabu cha Henri Fayol kilichotoka Ufaransa mwaka 1916, ambacho kazi zake tano za meneja (kupanga, kuunda mfumo wa kazi, kuamuru, kuratibu na kudhibiti) bado hukaririwa na wanafunzi wa mwaka wa kwanza, kina neno la utawala katika anuani yake. Tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1930 ilibakiza utawala. Ile ya mwaka 1949 iliweka menejimenti.

Kwa upande wa masoko, mhimili ni vipengele vinne alivyovipanga E. Jerome McCarthy mwaka 1960: bidhaa, bei, mahali na uhamasishaji. Kwa Kiingereza vyote huanza na herufi moja, hivyo hukaa kichwani bila taabu. Kwa Kiswahili ulinganifu huo hupotea, na pengine ni heri, kwani mwanafunzi hulazimika kujiuliza kila kipengele kinafanya kazi gani. Kinachopotosha zaidi ni "mahali". Hakimaanishi kiwanja cha duka tu, bali njia nzima ambayo bidhaa hupita: mzalishaji, dalali, muuzaji wa jumla, wa rejareja, machinga, hadi mlaji.

Hapa ndipo mali kauli inapoingia. Mchuuzi asiye na mtaji huchukua mzigo kwa mwenye mali, huenda kuuza, kisha hurudisha fedha waliyokubaliana; kinachozidi ni chake. Dhamana yake ni kauli. Mtu aliyezoea vitabu vya kiada atataka kuiweka chini ya mkopo wa biashara au uuzaji wa wakala, lakini haikai sawasawa katika lolote kati ya hayo. Wakala kwa kawaida hulipwa kamisheni. Mchuuzi wa mali kauli hujipangia bei ya kuuzia. Mkopo mara nyingi una riba. Hapa anayechelewa hatozwi riba, bali hunyimwa mzigo siku inayofuata. Kwa hiyo mpango mmoja unakuwa njia ya usambazaji, kanuni ya bei na chanzo cha mtaji kwa wakati mmoja.

Mwandishi alihitimu shahada hiyo bila kuisikia mali kauli ikitajwa darasani hata mara moja. Katika mtihani wa mwaka wa pili aliulizwa aeleze njia za usambazaji kwa mifano. Aliandika kurasa tatu kuhusu kampuni ya vinywaji ya Marekani aliyoijua kitabuni tu, akapata alama nzuri. Wakati huohuo mama yake mdogo, aliyemlipia sehemu ya ada ya muhula ule, alikuwa akiwapa wachuuzi vitenge kwa mali kauli. Likizo ilipofika, wawili kati yao walikuwa wametoweka na mzigo.

"Mwanangu, huko chuoni mnafundishwa nini mtu akivunja kauli?" aliuliza.

Mwandishi alimweleza habari za mikataba ya maandishi. Mama mdogo akataka kujua ni mchuuzi gani wa vitenge vitatu atakayekubali kutia saini. Jibu halikuwapo.

Baadaye, mwandishi alipoanza utafiti wake kwa Kiswahili, aliomba kuliona daftari la biashara ile. Lilikuwa na safu za jina, idadi na siku. Kando ya baadhi ya majina paliandikwa jina la pili, la mfanyabiashara aliyemleta mchuuzi huyo. Waliotoweka hawakuwa na jina la pili. Katika istilahi za Fayol, safu hiyo ni udhibiti. Mwenye daftari alisema ni kujuana tu. Tangu msimu ule hampi mzigo mchuuzi asiyeletwa na mtu, na mara ya kwanza vitenge havizidi vitatu.