"Mchana Peupe": Kulifasiri Neno "Daylight"

Makala haya yanalichunguza neno la Kiingereza "daylight", ambalo huwatatiza wafasiri chipukizi. Neno hilo ni muungano wa maneno mawili, la siku na la mwanga, nalo limo katika maandishi ya Kiingereza tangu karne ya 13. Mwanafunzi akilifuata sehemu kwa sehemu, huandika "mwanga wa siku". Hapo hupotoka, kwani siku ya Mswahili hukusanya mchana na usiku.

Tuchukue mfano wa Kenyatta Market jijini Nairobi, soko linalosifika kwa nyama choma na ususi. Msusi anayelinganisha rangi za nywele bandia husogea mlangoni apate mwanga wa jua. Mchuuzi anayewahi kufunga kibanda kabla ya giza hufunga kungali mchana. Mteja aliyenyakuliwa mkoba mbele ya watu hulalamika kwamba ameibiwa mchana peupe. Naye aliyetozwa bei ya kupita kiasi, jambo ambalo Waingereza hulifananisha na wizi wa mchana, husema amelanguliwa. Neno moja la Kiingereza limehitaji visawe vinne, kwa kuwa kila hali ina maana yake.

Usemi "mchana peupe" unastahili kuangaliwa kisarufi. Mchana ni nomino ya ngeli ya U-I, hivyo tungetarajia "mweupe". Hata hivyo, kivumishi kimechukua upatanisho wa mahali: "peupe", au "kweupe". Kinachosifiwa weupe, basi, si muda bali ni mahali palipo wazi, panapoonekana na kila jicho. Aidha, Kiganda kina neno la nasaba moja na mchana, "omusana", lenye maana ya mwanga wa jua. Yaelekea neno letu limebeba mwanga tangu kale.

Suala hili halikomei katika chumba cha mtihani. Shahidi anayesema mahakamani kwamba alimwona mshukiwa mchana peupe ametaja mambo matatu kwa pamoja: wakati, mwanga na uwazi wa mahali. Mkalimani akitafsiri wakati pekee, ameuondoa ushahidi kwamba shahidi aliweza kuona vizuri. Na utambuzi wa mshukiwa hutegemea hilo. Kwa hivyo, mfasiri asiulize tu neno lina maana gani, bali pia linafanya kazi gani pale lilipo.