Glavu ya Mpira wa Magongo: Mkono Upi Utangulie?

Anayetaka kununua glavu za mpira wa magongo kwa kawaida huuliza kwanza bei, kisha rangi. Swali linalostahili kutangulia ni jingine: ni mkono upi utakaoumia?

Jibu limo katika umbo la gongo lenyewe. Kanuni huruhusu mpira upigwe kwa upande mmoja tu, ule ulio bapa, nao uko upande wa kushoto wa gongo. Kwa hiyo wachezaji wote, hata walio mashoto, hushika ncha ya juu kwa mkono wa kushoto na kuuweka wa kulia chini yake. Mchezaji anapoinama na kulaza gongo ili auzuie mpira, vifundo vya mkono wa kushoto ndivyo vinavyoburuzika ardhini, na ndivyo vinavyokutana na mpira uliokosa gongo. Ndiyo maana glavu za mchezo huu mara nyingi huuzwa moja moja, za kushoto. Shule yenye fedha chache itawakinga vijana wengi zaidi kwa kununua za kushoto peke yake.

Mambo ni mbali katika mchezo wa barafuni, kama ule ulioanza Nairobi baada ya kiwanja cha barafu kufunguliwa katika hoteli ya Panari mwaka 2005. Huko mikono yote miwili huvikwa glavu nene zenye vipande vya plastiki. Mwanafunzi wa Mkange, kaskazini ya Bagamoyo, akivaa glavu ya namna hiyo katika joto la pwani, atakuwa ameivua kabla ya kipindi cha kwanza kwisha.

Wako wanaodhani kwamba glavu ni ya viwanja vya kisasa tu. Ni kweli kwamba nyasi bandia, zilizoingia katika Olimpiki mwaka 1976 huko Montreal, huuendesha mpira kwa kasi na huchubua ngozi. Lakini kwenye uwanja wa udongo mpira hugonga kijiwe ukaruka pasipo onyo. Huko kinachotisha ni kutojulikana mpira utaelekea wapi, zaidi ya kasi yake.

Na tuitazame hesabu. Mpira wa magongo una uzito wa gramu 156 hadi 163. Tuseme ni gramu 160, nao unakwenda mita 20 kwa sekunde, mwendo ambao si mkubwa katika mchezo huu. Nishati yake ya mwendo ni juli 32. Nishati hiyo hapana budi imalizike katika umbali ule ambao mpira unasafiri tangu kugusa mkono hadi kusimama. Ukisimama katika milimita 5, wastani wa kani ni nyutoni 6,400. Ukisimama katika milimita 20, ni nyutoni 1,600, yaani robo. Hesabu hii inachukulia kwamba mkono haurudi nyuma. Kwa kweli hurudi kidogo, na hilo hupunguza pigo. Hata hivyo kanuni yenyewe haibadiliki: glavu haiondoi nishati ya mpira, bali huurefusha umbali wa kusimama. Ganda gumu la juu lina kazi nyingine, nayo ni kulitandaza pigo ili lisielemee kifundo kimoja. Mgongo wa mkono hauna nyama ya kutosha kufanya kazi hiyo.

Hapo ndipo kijazio kinapokuwa na maana. Sufi, ambayo pwani hujaza mito, hubanwa ikabaki bapa. Sponji ya godoro ina vijitundu vilivyo wazi: hewa hutoka upesi, sponji hulala kabisa, na pigo hufika mfupani karibu lote, tena hunywa jasho. Sponji inayofanana na ya kandambili ina vijumba vya hewa vilivyofungwa. Hubonyea kwa ukaidi, hurudi katika umbo lake, wala hainywi maji. Mnunuzi na aiminye glavu juu ya vifundo kwa kidole gumba: ikiwa kidole kinafika chini bila kupingwa, airudishe.

Darasani jambo hili hupimika. Tandaza donge la udongo wa mfinyanzi sakafuni, lifunike kwa kipande cha kijazio, kisha dondosha jiwe la kilo 1 kutoka urefu wa mita 1.6. Jiwe hilo hufika na juli 16 hivi, sawa na mpira unaokwenda mita 14 kwa sekunde. Pima kina cha shimo lililobaki katika udongo, kisha rudia kwa kijazio kingine chenye unene uleule. Mikono na miguu ya watazamaji ikae mbali.

Unene, hata hivyo, si kila kitu. Kiganja kinatakiwa kiwe chembamba, kwa sababu kiganja kinene humfanya mchezaji alikabe gongo kwa nguvu hata mkono ukachoka, na kanuni zenyewe hazimruhusu mchezaji wa ndani kuvaa glavu inayoukuza mkono kupita kiasi. Ajaribuye glavu na ashike gongo papo hapo dukani, alizungushe, alilaze. Mazoea ya kumnunulia mtoto kiatu kikubwa ili akue nacho hayafai hapa: glavu kubwa huzunguka mkononi, na kinga ikahamia ubavuni huku kifundo kikibaki wazi.

Mlinda mlango ana kinga zake mbalimbali, ya kushoto na ya kulia, na kila moja isizidi upana wa milimita 228 wala urefu wa milimita 355. Hizo asiazimwe mchezaji mwingine.

Unyevu wa pwani huozesha nyuzi za glavu iliyofungiwa mfukoni na jasho lake. Baada ya mchezo ipanguswe kwa kitambaa chenye maji baridi, kisha itundikwe kivulini penye upepo. Jua la adhuhuri huikausha upesi zaidi, lakini huikakamaza ngozi ya kiganja, na ngozi ikishakakamaa gongo huteleza.