Gari la duka na kulala humohumo: uchukue daraja gani, dizeli au petroli?

Wapambanaji, leo tuongee gari. Siyo la kutembelea, la kuuzia.

Wengi wetu tunaouza nguo, viatu na simu kwa WhatsApp tumeanza kuwafuata wateja machimboni. Leo Katoro, kesho Rwamgasa, wiki ijayo Mwakitolyo. Gesti kila usiku, nauli ya mzigo kila safari, faida inaishia njiani. Ndiyo maana watu wananiuliza kuhusu yale magari ya Wamarekani ya YouTube yenye kitanda na jiko ndani, kama huku yanawezekana.

Yanawezekana, ila elewa kwanza madaraja yao. Wanayagawa kwa herufi, na herufi haihusu ubora, inahusu gari limejengwa juu ya nini. A limejengwa juu ya chesisi ya basi au lori. B ni hiace ya kwao, bodi ni ileile, wamepanga ndani tu. C ni kichwa cha gari la kawaida, nyuma limefungwa boksi, na mara nyingi kitanda kiko juu ya dereva. Herufi zisikuchanganye: B ndiyo dogo kuliko yote, C liko katikati.

Kwetu huku A ni Coaster iliyotolewa viti, B ni Hiace, C ni Canter ya boksi. Kwa anayeanza, Coaster siishauri, ni refu na njia za machimboni mvua ikinyesha unazijua. Kama unauza simu na vipodozi, Hiace inatosha. Mtu wa mitumba achukue Canter, maana unasimama wima ndani, unatundika nguo, na mteja anaona kama yuko dukani. Kirikuu usilihesabu kwa kulala. Kule Japani limeundwa kubeba kilo 350 na injini isiyozidi cc 660. Ila kama unarudi nyumbani kila jioni, hilo ndilo linalipa kuliko yote. Na ukitoa viti au kubadili bodi, pita TRA na trafiki kabla hujaingia barabarani.

Sasa injini. Kwenye zile video wakisema "gas" wanamaanisha petroli, siyo gesi. Magari ya gesi asilia yapo Tanzania, lakini vituo vyake vingi viko Dar, kwa hiyo huku tuiache.

Watu wanaangalia bei ya pampu tu, ile EWURA wanayotangaza kila mwezi. Angalia kilomita zako. Tuseme Hiace ya petroli inakwenda kilomita 8 kwa lita, ya dizeli 10, na lita zote ni shilingi 3,000. Ukitembea kilomita 100 kwa wiki, dizeli inakuokolea lita 2 na nusu, yaani 7,500. Ukitembea kilomita 600, inaokoa lita 15, yaani 45,000. Kama ya dizeli inauzwa milioni 4 zaidi, huyu wa kilomita 600 anarudisha tofauti ndani ya miaka miwili. Yule wa kilomita 100 atasubiri zaidi ya miaka kumi! Huyo achukue petroli alale usingizi.

Canter haina mjadala, ni dizeli. Dizeli inavuta mzigo ikiwa mzunguko wa chini, na kwenye tope hiyo ndiyo inakutoa. Tena machimboni haipotei, makrasha na pampu nyingi zinaitumia.

Ila siyo dizeli zote. Zile za zamani kama 3L na 5L zina pampu ya kawaida, fundi wa Katoro anaifungua. D4D zinakula kidogo na zina nguvu, lakini nozeli zake ni ghali na hazitaki uchafu wala maji. Ukinunua D4D usijaze mafuta ya madumu, na filta ibadilishwe kwa wakati.

Kabla hujatoa advansi, nenda asubuhi injini ikiwa ya baridi, uiwashe mwenyewe. Moshi wa bluu inakula oili. Mweupe usiokata, kuna shida ya maji au nozeli. Mweusi mzito, pampu au nozeli. Muuzaji akiwa ameshaipasha moto kabla hujafika, mwambie utarudi kesho.

Na ukianza kulala humo, jiko la mkaa na jenereta vikae nje, hata kukiwa na baridi. Ile hewa yake haina harufu na inaua.